Rekodi ya Kona Tisa

Jumatatu, 17 Juni 1996

Leo nimepanda Kona Tisa kwa muda wa saa mbili na dakika kumi na moja. Kutoka darajani chini hadi msalaba wa juu. Nimeteremka kwenye baiskeli mara nne tu. Mara ya tano siihesabu, kwa sababu nilianguka.

Kilian amenipita tena. Huyu ni mtu wa Lundo, kule ziwani, mwenye baiskeli nzito ya Kichina. Mara mbili kwa wiki huleta usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kuuza Mbinga, matenga mawili yamefungwa kwenye kerieri. Mlimani hapandi baiskeli, anaisukuma, miguuni ana kandambili. Alinikuta kona ya sita, akaniamkia shikamoo kaka, akauliza kama nimeharibikiwa. Nikamjibu marahaba, nipo mazoezini. Akanipa pole, akaendelea kusukuma. Nilipofika msalabani alikuwa ameshapumzika, ameshakula muhogo wake, anajikung'uta kuondoka.

Inaniuma. Baiskeli yangu ina gia kumi. Ni ya mashindano, mtumba wa Ulaya, tairi nyembamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Wilaya nzima hakuna ya pili. Niliipata kwa fundi Thabiti kwa kubadilishana: nilimpa baiskeli yangu ya zamani, ile yenye kerieri, pamoja na mbuzi jike. Aurelia, mke wangu, hakugomba siku ile. Aliuliza tu yeye atakaa wapi. Nikamweleza kwamba baiskeli za mashindano hazina kerieri, popote duniani. Sijui kwa nini swali lile halinitoki.

Atakayesoma daftari hili siku za mbele ajue kwamba mimi, Raimundi Kapinga, nilikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na minne. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na wapimaji wao. Mimi nikabaki na kalamu mbili na daftari hili. Sasa Nicholaus, wakala wa wanunuzi hao, alisema juzi baada ya misa kwamba biashara ya siku hizi ni mbio. Nilimwelewa. Siku moja atahitaji mtu wa kumkimbizia habari vijijini. Mtu huyo hawezi kuwa mtu anayepitwa na usipa.

Gurudumu la nyuma linaguguna. Gololi zimelika. Thabiti hana za kipimo hicho.


Jumanne, 18 Juni

Nimepata gololi. Zilikuwa nyumbani kwangu muda wote.

Mashine yetu ya kumenya kahawa iko kibandani nyuma ya nyumba. Nilifungua ekseli upande wa mkono wa kuzungushia, zikanidondokea kiganjani kumi na nane, zinang'aa kwa grisi. Kipimo kile kile. Nikaona hili si jambo la bahati tu. Nimezihamishia kwenye gurudumu langu, na mahali pake nimejaza njegere kavu, nilizozichagua moja moja zilizo duara, nikazipaka grisi. Nikazungusha mkono wa mashine mara tatu. Ilizunguka vizuri kabisa.

Mashine ni ya marehemu mama. Alipokuwa anaumwa alimkabidhi Aurelia, si mimi. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Sikuchukia.

Sijamwambia Aurelia. Ana mambo mengi, kahawa imeiva.


Jumatano, 19 Juni

Saa mbili na dakika mbili! Gurudumu halina hata mlio. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Aurelia alikuwa amechuma tangu alfajiri na wanawake wawili wa kumsaidia. Madebe saba ya kahawa nyekundu. Wenye kahawa wanajua: ikichumwa leo imenywe leo, ikilala inachacha, na wanunuzi wa sasa wananusa kila gunia kama mbwa wa polisi. Akamimina debe la kwanza na maji. Likaenda. La pili likaenda kwa shida. La tatu mashine ikakaza. Akaushika mkono wa mashine kwa nguvu, ukamteleza, ukamchubua kiganja.

Hapo ndipo nilipoingia, nikiwa bado nimeshika baiskeli. Alikuwa ameshafungua ekseli. Njegere zilikuwa zimekunywa maji, zimevimba, zimejibana humo kama waumini wa Pasaka. Akazichokonoa kwa kisu, akaziweka kwenye kiganja kile chenye damu, akanionyesha. Hakupiga kelele. Aliuliza gololi ziko wapi. Nadhani niliangalia gurudumu.

Madebe matano yaliyobaki waliyabeba hadi kwa Mzee Tarsisi, jirani yetu, ambaye naye alikuwa na kahawa yake ya kumenya. Yakaingia mawili. Matatu yamelala. Asubuhi yatakuwa yananuka, najua mimi niliyenusa kahawa ya watu miaka kumi na minne.


Alhamisi, 20 Juni

Aurelia ameondoka. Amekwenda kwao Lundo. Nilikuwa mtoni naosha cheni.

Mzee Tarsisi ndiye aliyeleta ujumbe. Nilimwamkia, nikampa kiti, akakataa kiti. Akasema ametumwa mambo mawili. La kwanza, mashine izunguke kama alivyoikabidhi marehemu. La pili, nikimfuata mke wangu, nimfuate na kitu ambacho na yeye anaweza kukikalia. Akaongeza la kwake mwenyewe, kwamba ameishi miaka themanini na hajawahi kuona mtu akipanda njegere kwenye chuma.

Nimehuzunika. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Mtoto wetu Eunice yuko bweni kwa masista, kwa hiyo nyumba ni mimi na kuku. Nilisonga ugali ukatoka na mabuje, na hakuna aliyenicheka.

Kanga yake ya kazi bado iko kwenye kamba. Ina madoa ya kahawa. Sijaianua.


Ijumaa, 21 Juni

Nimefikiri siku nzima, nimepata njia.

Kesho nashuka Lundo. Nitaondoka alfajiri na nitafika kabla jua halijawa kali. Aurelia akiniona nimetokea mapema kiasi hicho, atajua kwamba umbali kati yetu si kitu kwa baiskeli hii, na lile suala la kerieri litajifuta lenyewe. Gololi naziacha gurudumuni kwa sasa. Bila hizo nitafikaje kumwahidi kwamba nitazirudisha?

Nilipita kwa Thabiti kukaza spoki. Baba yake alitoka Kilwa, kwa hiyo husema pole pole na kwa heshima hata akikutukana. Akanishauri nifunge gogo. Hii ni desturi ya wabeba usipa: wakianza kushuka Kona Tisa hufunga gogo kwa kamba nyuma ya baiskeli, liburuzike, liwe breki. Wakifika darajani huliacha, na akina mama wa kule chini wanakwenda kupikia. Nikamwambia Thabiti kwamba gogo ni la watu wasio na breki za kisasa. Akazitazama breki zangu. Akasema inshallah.

Nitavaa kaptura yangu ya mashindano, ya kijani, ile ya kubana. Inakata upepo.


Jumapili, 23 Juni. Lundo

Naandika kwenye uwanja wa Kilian. Jana sikuweza.

Breki zilikwisha kona ya tatu. Raba ziliungua, nikasikia harufu yake kabla sijajua ni yangu. Kona zilizobaki nilishuka kwa kandambili ya mguu wa kulia, nikiikandamiza kwenye tairi hadi ikatoboka. Hata hivyo nilifika darajani hai, na kutoka pale hadi Lundo ni mwendo wa saa tatu wa njia tambarare. Nikajiona nimeshinda.

Nilisahau kwamba nyumba ya wakwe iko mteremkoni, kuelekea majini.

Niliingia uani bila kupiga hodi. Nilipita juu ya mkeka wa muhogo ulioanikwa, nikapita katikati ya bata, nikasimamishwa na kichanja cha usipa. Kikaanguka. Mama mkwe, Mama Albina, alikuwa nyuma yake anageuza samaki. Miaka yote tisa ya ndoa yangu nimekaa naye kwa adabu: tukikutana njiani napisha, chakula chake nakula chumba kingine. Sasa nilikuwa nimelala miguuni pake, na usipa kichwani, ndani ya kaptura ya kijani inayobana kila kitu.

Akafunika uso. Akageuka akanipa mgongo, akavua kitenge chake cha juu, akakirusha nyuma bila kutazama. Nikajifunga. Kina picha za tausi. Ndicho nilichovaa mbele ya baba mkwe, Mzee Ildefonsi, kwa muda wote wa mazungumzo.

Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mwanamume anayemfuata mkewe huja na msemaji, hukaa chini, na hasemi mpaka aulizwe. Mimi nilikuja peke yangu na nilianza mwenyewe. Nilieleza juu ya gia. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, ni mtu wa subira. Kisha akauliza kama zile gololi nimekuja nazo. Nikasema ndiyo, zimo ndani ya gurudumu.

Aurelia alitoka mara moja, akaleta maji. Mkono wake amefunga kitambaa. Hakuniangalia mimi, aliangalia gurudumu la nyuma.

Uamuzi wa mzee: mashine kwanza. Kisha baiskeli ya kubeba mtu. Kisha msemaji. Na suruali.

Sikuweza kulala kwa wakwe katika hali ile. Kilian ndiye aliyenichukua, kwake ni nyumba ya tatu. Ana watoto wanne na kitanda kimoja, na kitanda amenipa mimi. Amenipa na suruali yake. Leo asubuhi nimekwenda nayo misa. Upande wa wanawake nilimwona Aurelia, amejifunga kanga ya mama yake, anaimba. Sauti yake naijua hata ndani ya kwaya nzima. Nilitaka kulia, nikainama kama mtu anayesali.


Jumatatu, 24 Juni

Tumepanda pamoja, mimi na Kilian. Amenipita kona ya tano. Na suruali niliyovaa ni yake mwenyewe.


Jumanne, 25 Juni

Nimetimiza masharti. Naandika kwa moyo mweupe.

Thabiti amezitoa gololi gurudumuni, amezisafisha kwa mafuta ya taa, na amekuja mwenyewe kuzifunga kwenye mashine. Ndani ya ekseli tulikuta njegere mbili alizozisahau Aurelia. Zimeota. Zina vijani viwili viwili. Thabiti alizitazama kwa muda, akaniuliza kama nizitupe au nizipande. Nilizitupa. Mashine sasa inazunguka kwa kidole kimoja.

Baiskeli yangu ya zamani alikuwa hajaiuza. Ameniazima kwa siku tatu, na ya mashindano nimeiacha kwake. Kerieri yake ni ile ile, na kile kibao nilichokifunga mimi mwenyewe mwaka niliooa, ili Aurelia asiumie. Nilimbeba juu yake kutoka Lundo siku nilipomleta nyumbani kwa mama. Kwenye tambarare aliimba njia nzima, na mlimani tulisukuma wote wawili, mkono wake kwenye kerieri, wangu kwenye usukani. Hatukuwa na haraka. Sikuwa hata na saa ya mkononi wakati ule.

Nimeketi juu ya kibao kile muda kidogo, hapa uani. Kuku walinishangaa.


Jumatano, 26 Juni. Lundo

Nimeshuka na gogo. Thabiti alilifunga mwenyewe, akakaza fundo mara mbili. Ilinichukua muda mrefu na nilikula vumbi, na wanawake wawili waliokuwa wanapanda walinisifu kwamba siku hizi nimepata akili. Darajani nililiacha kwenye rundo.

Nilivaa suruali. Nilipiga hodi nje ya uwanja. Nilikaa chini.

Msemaji wangu alikuwa Kilian. Nilimwomba kwa sababu sikuwa na mwingine, lakini sijasikia mtu akisema vile. Alieleza kwamba mimi ni mtu mwenye bidii, ila bidii yangu hutangulia na mimi nikaifuata nyuma. Alisema amenikuta mlimani kwa mwaka mzima, mvua na jua, na kwamba mtu anayejitesa hivyo bila mzigo, siku akipata mzigo wa kweli hatauacha njiani. Mzee Ildefonsi alitikisa kichwa kukubali. Mama Albina, akiwa ndani, alikohoa vizuri.

Aurelia akaitwa. Akaulizwa. Akatoka hadi uani, akaizunguka baiskeli, akabonyeza kibao kwa kiganja kama mtu anayejaribu kitanda. Akauliza kama mashine inazunguka. Nikasema kwa kidole kimoja. Akasema kesho tutoke mapema, kahawa haisubiri.

Nimefurahi mno. Mungu aniongoze.


Alhamisi, 27 Juni

Nieleze kwa utaratibu.

Tulitoka Lundo alfajiri, watu watatu. Kilian na matenga yake, mimi na Aurelia. Kwenye tambarare alikaa nyuma yangu, furushi lake mapajani, mkono mmoja umeshika mkanda wa suruali ya Kilian niliyovaa. Karibu na daraja alianza kuimba kwa sauti ndogo. Nilipiga pedeli taratibu ili asikome.

Mlimani tukasukuma wote kama zamani. Kilian alitutangulia kidogo, kwa adabu, kutuacha tuzungumze. Tulizungumza. Aliniuliza habari za Eunice, za kuku. Nilimwambia kanga yake iko kwenye kamba. Akacheka. Hiyo ilikuwa kona ya tano.

Kona ya sita kamba ya tenga la Kilian ililegea. Akasimama kuifunga.

Nilitazama saa. Dakika sabini na mbili tangu darajani. Sijawahi kufika kona ya sita kwa muda kama huo, sijawahi hata kukaribia, na nilikuwa nazungumza njia nzima. Nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Siri si gia. Siri ni kusukuma! Mwaka mzima nimepanda mlima wa kusukumwa. Na Kilian amesimama, ameinama, kamba iko mdomoni.

Nikamwambia Aurelia aje pole pole, nitamsubiri msalabani. Nikafungua furushi lake kwenye kerieri nikamkabidhi, kwa sababu lilikuwa zito. Nilimwambia ni dakika chache tu. Sikumbuki alisema nini.

Nilisukuma. Kilian aliniona nampita, akaniuliza kama kuna tatizo. Kona ya saba nilimsikia nyuma yangu, kandambili zake. Ya nane alinikaribia. Ya tisa nilikuwa naona nyota mchana. Niligusa msalaba na yeye yuko hatua ishirini nyuma.

Saa moja na dakika arobaini na nane.

Kilian alinipa mkono. Alihema, akatabasamu, akanipongeza. Kisha akaangalia nyuma yangu, akauliza Mama Eunice yuko wapi.

Tulisubiri. Kilian alikula muhogo wake, akanipa nusu. Tulisubiri tena. Baadaye akaniachia samaki wake akashuka kumtazama. Alirudi jua limeshavuka utosi, amelowa jasho. Alisema alimwona kutoka kona ya saba, naye yuko chini kabisa karibu na daraja, furushi kichwani, anaelekea ziwani. Alimwita. Hakugeuka.

Hakuniambia tena shikamoo wala kwaheri. Alifunga matenga yake akaondoka. Kwa mara ya kwanza hakunipa pole.


Ijumaa, 28 Juni

Nyumba kimya. Kahawa nyekundu mitini, nyingine imeanza kudondoka. Mashine inazunguka kwa kidole kimoja na hakuna wa kuizungusha. Mzee Tarsisi alikuja, akasikiliza habari yote kutoka mwanzo, akainuka akatoka. Nimelia kidogo kibandani. Aurelia ni mke mwema, na nyumba hii bila yeye ni kibanda tu chenye kuku.

Lakini nimekaa nikatafakari, na kosa nimeliona. Sikumweleza mapema kwamba yalikuwa mashindano. Angejua, angenishangilia. Ni jambo la kumweleza ana kwa ana, na haraka, kabla halijakaa moyoni.

Kwa hiyo mchana nimemrudishia Thabiti baiskeli ya kerieri nikachukua ya mashindano. Kwa kupanda, nakubali, ni kusukuma. Kwa kushuka hakuna kama hii, na gogo lingenichelewesha. Amenifungia raba mpya za breki. Gurudumu la nyuma, kwa zile gololi zake zilizolika, linaguguna tena, kwa hiyo imebidi nizichukue tena zile za mashine, kwa siku mbili tu. Njegere zilikuwa kosa, zinakunywa maji. Safari hii nimejaza mbegu za mgomba mwitu, ngumu kama mawe. Niliziloweka kwanza bakulini tangu asubuhi na haikuvimba hata moja.

Naondoka alfajiri. Nikishuka vizuri nitakuwa uani kwa wakwe kabla hawajanywa uji, na Aurelia akiniona mapema namna hiyo atajua jinsi ninavyomtaka nyumbani. Suruali ya Kilian nimeikunja nimrudishie. Kaptura nimeifua. Imeshakauka.